Pesa Inayomwezesha Mkulima Kungoja

Dalali wa ndizi anapoingia katika boma la Gusii mwezi wa Mei huwa na habari mbili kichwani: mahindi ya mwaka jana yamekwisha ghalani, na karo ya muhula wa pili inadaiwa. Hana haja ya kubembeleza. Anataja bei, mwenye shamba ananung'unika, mkungu unakatwa. Katika wadi ya Nyacheki, eneobunge la Bobasi, kaunti ya Kisii, majani chai nayo yana wachuuzi wake. Mkulima anajua kwamba akiyapeleka katika kituo cha kiwanda kinachosimamiwa na kampuni ya chai ya KTDA, atangoja malipo ya mwezi, kisha bonasi ifikapo Oktoba, bonasi ambayo kwa miaka mingi imekuwa ndogo kuliko ile ya wenzake wa Kirinyaga na Murang'a. Mwenye pikapiki kando ya barabara anatoa noti papo hapo. Bonasi inapotea, ila mtoto aliyefukuzwa anarudi darasani kesho yake.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama pesa za msaada zinazopewa watu mkononi zinabadilisha maisha ya familia ya wakulima aulize kwanza: zinamnunulia mkulima siku ngapi za kungoja?

Mgeni akipita Nyacheki anaweza kudhani hakuna shida. Vilima ni vya kijani, na nyumba nyingi zina mabati. Umaskini wa huku hauko paani, uko mpakani mwa shamba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii, wastani wa watu zaidi ya 950 kwa kila kilomita mraba. Ardhi ya babu imegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, mpaka chai, mahindi, migomba na nyasi ya nepia ya ng'ombe mmoja zinabanana kwenye kipande ambacho mtu akisimama katikati anasalimiana na majirani wa pande zote. Shirika la GiveDirectly lilipoanza kugawa pesa Siaya, lilitafuta nyumba zilizoezekwa kwa nyasi ili kuwapata maskini. Kipimo hicho kingeletwa Gusii kingewaruka wengi wanaolala njaa chini ya mabati.

Hata hivyo, Siaya ina mengi ya kutufunza. Katika utafiti uliohusisha vijiji 653 miaka ya katikati ya muongo uliopita, kaya zaidi ya 10,500 zilipata takriban Sh87,000 kila moja, bila masharti, kupitia simu. Wataalamu wa uchumi, Edward Miguel na wenzake, walifuatilia pesa hizo zilikokwenda. Waligundua kwamba kila dola iliyoingia ilizaa shughuli za kiuchumi za karibu dola mbili na nusu katika eneo hilo, kwa sababu aliyepokea alimlipa fundi, fundi akanunua kwa mwenye duka, naye mwenye duka akaajiri kijana wa kubeba mizigo. Hata walioachwa nje walinufaika, na bei sokoni hazikupanda kwa kiasi cha kutajika.

Matokeo ya utafiti huo huo yaliyonigusa zaidi yalitolewa 2025. Vifo vya watoto wachanga katika kaya zilizopokea pesa vilipungua kwa karibu nusu. Wajawazito wengi zaidi walijifungulia hospitalini, na katika miezi ya mwisho ya ujauzito walipunguza sana kazi ngumu. Mwanamke aliyezoea kulima hadi siku ya uchungu aliweza kukaa chini. Sijui kipimo gani kingine cha kungoja kinachoweza kushinda hicho.

Wapo wanaosema pesa za bure huishia kwenye pombe. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walichunguza jambo hilo Rarieda, huko huko Siaya, na hawakuona matumizi ya pombe na sigara yakiongezeka. (Gusii wanasiasa humwaga noti kwenye mazishi na harambee wikendi baada ya wikendi, na sijasikia anayewauliza wapokeaji watazitumiaje. Swali hilo huulizwa akina mama wanaopewa pesa kidogo za msaada.) Hofu nyingine ilijitokeza Homa Bay mnamo 2015, pale karibu nusu ya waliolengwa na GiveDirectly walipozikataa pesa. Uvumi ulikuwa kwamba ni za shetani na kwamba zitadaiwa kwa damu. Siwacheki. Watu waliozoea kuona kila msaada ukija na mkutano, fomu na picha ya kiongozi wana haki ya kushangaa wakipewa pesa bila kuombwa chochote.

Nyacheki pesa zinazojulikana zaidi ni za Serikali, Inua Jamii, ambazo wengi huziita pesa za wazee. Mpango ulianza 2004 kwa kaya zinazolea mayatima, ukaongezewa watu wenye ulemavu na wazee, na kuanzia 2018 ukafunguliwa kwa waliotimiza miaka 70 wasio na pensheni. Kiwango ni Sh2,000 kwa mwezi, na hakijasonga kwa zaidi ya miaka kumi.

Tuchukue omong'ina (bibi mzee) mmoja wa miaka 74, wa mfano tu, anayelea wajukuu watatu. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku umekuwa ukiuzwa Sh2,500, kwa hiyo pesa zake za mwezi mzima haziutoshi mfuko mmoja. Lakini zikija kwa wakati, zinanunua unga, sabuni, mafuta ya taa na kalamu, na mkungu wake wa ndizi unabaki mgombani mpaka ukomae. Zikichelewa, anakwenda dukani kuandikiwa kwenye daftari. Mara nyingi malipo ya miezi kadhaa yamelimbikizwa, kisha yakatolewa kwa mpigo, na siku hiyo mwenye duka huwa wa kwanza kujua. Pesa inafika ikiwa imeshaliwa. Dalali naye alishapita zamani.

Jirani zetu wa Bomet wanaonyesha jinsi wapokeaji wenyewe wanavyoweza kuyarekebisha mambo. Tangu 2018, GiveDirectly imekuwa ikilipa vijiji vya Bomet na Siaya kwa mitindo tofauti: vingine karibu Sh2,250 kwa kila mtu mzima kila mwezi kwa miaka miwili, vingine kiasi hicho hicho kwa miaka 12, na vingine mkupuo mmoja wa takriban dola 500. Abhijit Banerjee na wenzake walipolinganisha mitindo hiyo, waliopewa mkupuo walikuwa wamefungua biashara nyingi kuliko waliolipwa kidogo kidogo kwa miaka miwili. Waliohakikishiwa miaka 12 nao walifanya vizuri, kwa njia ambayo mama yeyote wa Gusii angeitabiri: waliingia kwenye vyama vya kuzungushiana pesa, wakageuza matone ya kila mwezi kuwa mkupuo zamu yao ilipofika. Chama kinawezekana tu pale mwanachama anapojua tarehe ya kulipwa. Anayelipwa ovyo hapokelewi, maana zamu ya mwenzake itakwama kwa sababu yake.

Kungoja kuna faida inayohesabika hata pesa zenyewe zikiwa za mkopo. Bungoma, kati ya 2012 na 2014, wakulima waliokopeshwa kupitia shirika la One Acre Fund wakati wa mavuno waliweza kuyaweka mahindi na kuyauza miezi kadhaa baadaye bei ilipopanda, badala ya kuyatupa sokoni kila mtu alipokuwa akiuza na kuyanunua tena ghali wakati wa njaa.

Kuongeza kiwango cha Inua Jamii kunahitaji Bunge na Hazina ya Taifa, na nchi ina madeni yake. Kuheshimu tarehe ya malipo hakuhitaji shilingi mpya. Januari na Februari zikilipwa pamoja mapema Februari, kabla mvua ndefu hazijashika, omong'ina wetu ana Sh4,000: mfuko mmoja wa mbolea, na Sh1,500 za mbegu na kibarua wa siku chache. Anapanda pamoja na wengine. Ifikapo Mei, dalali atalazimika kutaja bei yake ya pili.