Dale ya depo ilipasuka: kosa halikuwa simenti

Kila mwaka, mwezi wa sita na wa saba, mahindi mapya yakishaingia Lubumbashi na bei ikiwa chini, wengi wetu tunajaza depo nyuma ya nyumba. Tunajua kufika mwezi wa kwanza bunga itapanda, na Zambia ikizuia mahindi yake yasivuke Kasumbalesa, itapanda zaidi. Yangu, ya mita 3 kwa 4, ilibeba mifuko 40 ya kilo 50. Ni tani 2 juu ya dale moja.

Mvua za mwaka wa pili hazijaisha, dale ikapasuka kutoka mlangoni mpaka kwenye kona. Upande mmoja ukashuka vidole viwili, unyevu ukapanda kutoka chini, mifuko ya chini ikashika ukungu. Mahindi ya namna hiyo yanaweza kuwa na sumu, hata kuku usiwape. Tulitupa mifuko sita, na mama wa nyumba hakunisemesha siku mbili.

Mimi nilisema simenti iliibwa. Fundi mzee tuliyemwita hakuangalia simenti hata kidogo. Alichukua kipande cha chuma, akachoma udongo kando ya ukuta. Upande mmoja kiligota, upande wa pili kikaingia kama kwenye bukari.

«Papa, hapa kulikuwaka kichuguu,» akasema. «Balikivunja, balichoma matofari, kisha balisawazisha. Lakini ya chini iko.»

Vichuguu vya huku kwetu vinaweza kufika mita 8 kwenda juu, na chini vikapita mita 10 kwa upana. Mfinyanzi wake ni mzuri kwa matofari, na nyumba nyingi za mji huu zimetoka humo. Chini ya dale ni habari nyingine: ukinywa maji unavimba, kiangazi ukikauka unanywea. Dale iliyokaa nusu juu ya mfinyanzi, nusu juu ya udongo mgumu, itapasuka tu, hata uweke simenti ya namna gani.

Tulipoivunja tukakuta kosa la pili. Vyuma vilikuwa vimelala chini kabisa, juu ya udongo, vyekundu kwa kutu. Fundi wa kwanza alisema atavivuta juu wakati wa kumwaga. Kweli, watu watano wanapita na bruweti juu yake, nani atavuta? «Chuma ikilala chini, ni makuta umezika,» mzee akacheka. Beto ina nguvu ukiikandamiza, lakini ukiivuta inakatika. Chuma ndicho kinachoshika mvuto huo, na hakiwezi kushika kama beto haikukizunguka pande zote.

Basi tukachimba mfinyanzi nusu mita, tukarudisha udongo mwekundu wa changarawe kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka inashindiliwa mpaka kisigino hakiachi alama. Hapo kazi ilichukua siku tatu, na usimwonee fundi huruma, ndiyo sehemu yenyewe. Juu yake plastiki nene ya kuzuia unyevu. Pembeni mwote tulishusha mfereji wa sentimita 30 ili dale iwe na mguu. Vyuma vya milimita 8, kila sentimita 20, kwenda na kukata, vimefungwa kwa waya na kukalia vitofali vidogo vya simenti vilivyoviinua kupita katikati kidogo ya unene. Vilitosha vyuma 11 vya mita 12.

Dale yenyewe ni sentimita 12. Kwa mifuko 7 ya simenti katika kila kyubu ya beto, dale peke yake, bila kuhesabu mguu, ilimaliza mifuko 10. Vijana walitaka kuongeza maji ili mchanganyiko utembee, mzee akakataa. Baadaye, siku saba, magunia yenye maji juu yake, asubuhi na jioni. Ilikuwa mwezi wa nane, upepo unakausha kila kitu. Jaza mapipa mbele ya kuanza, usitegemee robine.

Wengine wanauliza kama wanaweza kumwaga dale mpya juu ya ile iliyopasuka. Kama ya chini haitembei tena, inawezekana, ila mlango utakuwa mfupi. Kama bado inatembea, mpya itapasuka palepale.

Mfinyanzi tuliotoa ulijaza kona nzima ya lupango. Jirani ameshauomba wote: anataka kufyatua matofari.