Karantini na Chumvi: Kinga ya Vifaranga vya Samaki Kakamega

Tangu mwaka 2009, serikali ya Kenya ilipoanza kugharimia uchimbaji wa mabwawa, ufugaji wa ngege na kambare umeenea Kakamega, lakini vifaranga wanaonunuliwa huweza kuingiza vimelea, yaani viumbe vidogo vinavyoishi kwa kutegemea mwili wa kiumbe mwingine. Kwa hiyo inafaa watengwe kwanza katika tangi la karantini kwa wiki mbili au tatu. Vimelea kama trikodina na minyoo bapa, ambavyo hung'ang'ania ngozi na mashavu ya samaki, hupunguzwa kwa kuwaogesha vifaranga katika maji yenye gramu 10 za chumvi kwa kila lita, kwa dakika zisizozidi 30, kwani chumvi huvuta maji kutoka mwilini mwa kimelea. Kifaranga anayelala ubavu aondolewe mara moja katika maji hayo ya chumvi, na maji ya karantini yasimwagwe bwawani kamwe.