Msaada wa Dawa Usioombwa



Hospitali za nchi tajiri huondoa vitu vingi ambavyo bado ni vizima: glavu, sindano ambazo hazijafunguliwa, vitanda, hata mashine. Watu wema huvikusanya, wakajaza kontena na kuzipelekea zahanati za nchi zetu. Hatugombani na wema huo. Swali letu ni moja tu: nani aliandika orodha?

Mwaka 1989, Eritrea ikiwa vitani kudai uhuru, ililetewa aspirini zilizokwisha muda, malori saba. Kuzichoma kulichukua miezi sita. Zilikuwapo pia chupa 30,000 za maji ya kutia mishipani, nazo zimekwisha muda. Hazikuweza kumwagwa karibu na makazi ya watu kwa sababu ya harufu. Mwaka 1990 kusini mwa Sudan ilifika shehena yenye maandishi ya Kifaransa, na ndani yake mlikuwa na dawa za kuongeza hamu ya kula. Kwa watu wa vitani, ambao chakula chenyewe ni shida!

Kwa ajili ya mambo kama hayo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 1996. Dawa iwe imehitajiwa na mpokeaji, iwe imeruhusiwa katika nchi yake, na ifikapo iwe imebakiza angalau mwaka mmoja. Gharama za kusafirisha, kutoa bandarini na kuhifadhi ni za mtoaji, isipokuwa mmepatana vingine.

Mashine zina taabu yake. Ya Marekani imetengenezwa kwa umeme wa volti 120; wa kwetu ni 230 au 240. Ukiichomeka bila transfoma, huungua siku hiyo hiyo. Nyingine huja bila kitabu wala vipuri, ikalala stoo, na lawama zikamwangukia mtunza stoo.

Mzigo huu ni wetu. Kuli ndiye abebaye, na mhudumu ndiye aagizwaye kuchoma dawa mbovu katika pipa nyuma ya hospitali, moshi wa sumu ukimwingia kifuani. Dawa hizo zahitaji tanuri la moto mkali sana, kama la kiwanda cha saruji.

Kwa hiyo kila tawi lizungumze na uongozi wa hospitali yake: barua ya kukubali msaada isitoke kabla muuguzi, fundi na mtunza stoo hawajaisoma orodha yote, pamoja na tarehe za kwisha muda.