Taa ya Kuoteshea Mboga Ndani ya Nyumba: Chakula cha Jani, Si Tiba ya Mtoto

Katika maeneo kama Kariakoo na Upanga jijini Dar es Salaam, ghorofa zimesongamana kiasi kwamba dirisha la jikoni huweza kutazamana na ukuta wa jirani, jua lisipenye. Mpangaji anayetamani mchicha au saladi ya kuchuma mwenyewe hupanda mbegu kwenye trei. Mbegu huota vizuri, kisha miche hurefuka, hupauka na kulala. Ugonjwa wa miche hiyo ni njaa ya mwanga, na dawa yake yaweza kuundwa nyumbani kwa mkanda wa taa za LED. Hata hivyo, taa hiyo huishi nyumba moja na watu, na miongoni mwao huenda yumo mgonjwa, mzee au mtoto mchanga. Anayeiunda anapaswa kuwafikiria wote hao.

Jani linahitaji nini

Usanisinuru hutumia mwanga wenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 400 na 700. Umbijani hufyonza zaidi mwanga wa buluu na mwekundu, na ndiyo sababu jani huonekana la kijani. LED nyeupe, kwa asili yake, ni LED ya buluu ya nanomita zipatazo 450 iliyofunikwa kwa unga unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa rangi nyingine. Uvumbuzi wa LED ya buluu uliwapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Kwa hiyo, si lazima kununua taa za zambarau zinazouzwa kwa jina la taa za mimea. Nyeupe inatosha. Isitoshe, zambarau huonekana hafifu kuliko nguvu yake halisi, kwa kuwa jicho halina wepesi wa kuhisi buluu na nyekundu za kina. Mtu hujikuta ameikodolea macho bila kujua. Vilevile, chini ya mwanga huo haiwezekani kutambua weupe wa upungufu wa damu wala umanjano wa macho.

Namna ya kuiunda

Kwa trei yenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 30, huhitajika mita 3 za mkanda wa LED nyeupe wa volti 12 wenye wati 14.4 kwa kila mita. Jumla yake ni wati 43.2, yaani mkondo wa ampea 3.6. Adapta ya volti 12 na ampea 5 huubeba mzigo huo bila kuelemewa.

Mkanda hukatwa vipande 5 vya sentimita 60, kwenye alama za kukatia pekee. Vipande hubandikwa kwenye bapa la alumini, ambalo huondoa joto, kisha huunganishwa sambamba: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Iwapo waya wa kulehemia una risasi, kazi hiyo ifanyike penye hewa, mbali na watoto na wajawazito, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Bapa lining'inizwe sentimita 20 hadi 30 juu ya majani, nalo lipandishwe kadiri miche inavyokua. Taa iwake saa 14 kwa siku, kisha izimwe, ikiongozwa na swichi ya saa. Kwa mpangilio huo, hutumia takriban uniti 0.6 za umeme kwa siku, yaani uniti 18 kwa mwezi, bila kuhesabu umeme unaopotea kwenye adapta. Ni vyema familia ipige hesabu hiyo mapema. Trei moja haitalisha nyumba nzima. Faida yake ni miche imara na kiasi kidogo cha mboga mbichi. Mgonjwa anayetumia warfarin asiongeze mboga za majani ghafla bila kushauriana na daktari wake, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Umeme na maji

Volti 12 za mkanda si hatari kubwa. Hatari iko upande wa volti 230. Adapta iwe na mfuniko kamili, ikae juu ya usawa wa trei, kamwe isiwe chini yake. Waya wa kuelekea ukutani ushuke chini ya soketi kwanza, kisha upande kuingia, ili matone ya maji yadondoke kabla ya kufika kwenye plagi. Fundi umeme aweke swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja wa miliampea 30. Mtu akinaswa na umeme, swichi kuu izimwe kabla ya kumgusa.

Maji yanayotuama kwenye sahani za chini ya trei yamwagwe na sahani zisuguliwe walau mara moja kwa wiki. Mbu Aedes, anayeeneza dengue, huzaliana katika maji machache kama hayo, na Dar es Salaam imekwisha kushuhudia milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019.

Usingizi na macho

Mwanga wa buluu wakati wa usiku huzuia utolewaji wa melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia. Kwa sababu hiyo, taa isiwekwe chumba cha kulala, na saa zake ziwe kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Ubavuni iwekewe kizuizi ili mwanga uangukie majani pasipo kufika usoni mwa aliyeketi karibu. Taa za urujuanimno za kuua vijidudu zisitumike kabisa kwa kazi hii, kwani huunguza konea na ngozi.

Mtoto mchanga

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Hospitalini, umanjano wa watoto wachanga hutibiwa kwa mwanga wa buluu wa nanomita 460 hadi 490, unaoibadili bilirubini ili mwili uweze kuitoa. Rangi hiyo inakaribiana na ya taa ya mboga, hivyo mzazi anaweza kushawishika kumlaza mtoto chini ya taa ya nyumbani. Asifanye hivyo. Mashine ya hospitali hupimwa nguvu ya mwanga wake, mtoto hufunikwa macho, joto na maji ya mwili wake huangaliwa, na bilirubini hupimwa tena na tena. Nyumbani hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Kumwanika mtoto juani au dirishani nako si badala ya matibabu hayo. Bilirubini ikizidi huharibu ubongo, na madhara yake hayarudishwi nyuma: uziwi na ulemavu wa viungo ni miongoni mwake.

Mhudumu wa afya anayemtembelea mzazi nyumbani amchunguze mtoto kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya rangi. Atazame weupe wa macho na fizi, kisha viganja na nyayo. Umanjano unaojitokeza ndani ya saa 24 za kwanza, unaofika kwenye viganja na nyayo, au unaoandamana na kukataa kunyonya, kulegea au kulia kwa sauti kali, unahitaji hospitali siku hiyohiyo. Umanjano unaoendelea baada ya siku 14, au unaoambatana na choo cheupe, nao uchunguzwe bila kuchelewa.

Taa ya mboga ibaki kuwa ya mboga. Mtoto mwenye umanjano apelekwe kituo cha afya, akinyonyeshwa njiani.