Tumbo linauma, kumbe tatizo liko kwenye damu

Mtoto ametoka Morogoro mjini kwenye joto, amepanda na wazazi wake mpaka Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru. Njiani hakunywa maji ya kutosha, usiku baridi imempiga. Alfajiri analia: tumbo!

Nyumbani watasema chango au minyoo. Hospitali watafikiria kidole tumbo. Lakini kuna kitu kingine ambacho wengi hawakiwazi: sikoseli, au selimundu.

Mwenye ugonjwa huu, chembe zake nyekundu za damu hujikunja kama mundu, zinakuwa ngumu na kuziba mishipa midogo. Sehemu iliyokosa damu ndiyo inayouma. Tumezoea kusikia ni mifupa, mgongo na kifua, tumbo linasahaulika. Baridi, kukosa maji mwilini na homa, hata ya malaria, vyote vinaweza kuamsha maumivu hayo.

Na si ugonjwa wa wachache. Tanzania inakadiriwa kuwa na watoto hadi 11,000 wanaozaliwa nao kila mwaka, ikiwa miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani.

Sasa ugumu uko hapa. Mwenye sikoseli naye anaweza kupata kidole tumbo kama mtu yeyote. Tena hupata mawe kwenye mfuko wa nyongo mapema, kwa sababu chembe zake huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, wakati za kawaida huishi kama siku 120. Kwa hiyo kusema "ni sikoseli yake tu, itatulia" ni kubahatisha. Anahitaji vipimo vya damu na ultrasaundi. Na daktari aambiwe mapema kuwa mtoto ana sikoseli, maana bila hivyo anaweza kupasuliwa bure.

Kama hajawahi kupimwa, je, alivimba mikono na miguu akiwa mdogo? Macho huwa ya njano? Mtajieni daktari na hayo.

Kinachotisha zaidi kwa watoto wadogo, hasa chini ya miaka 5, ni bandama. Damu inaweza kujikusanya humo ghafla, tumbo likavimba upande wa kushoto chini ya mbavu, mtoto akapauka viganja na midomo, akalegea. Huyo anaweza kufa ndani ya saa chache asipoongezewa damu. Kutoka Mgeta kushuka mjini ni mbali na barabara ina kona nyingi, hivyo safari ianze usiku huohuo.