Mpira wa Gesi Haulalamiki Kama Utambi

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

KAMA ulikulia katika nyumba iliyopikia jiko la mafuta ya taa, bila shaka unakumbuka jinsi utambi ulivyokuwa ukitoa taarifa zake wenyewe. Ulipopungua, moto ulififia. Ulipoungua vibaya, sufuria ilipakwa masizi na chai ikanuka mafuta. Hapo mama alimtuma mtoto dukani, tambi mpya zikanunuliwa, na jioni ile ile jiko likarudi katika hali yake. Hakuna aliyehitaji kufundishwa kwamba utambi ni kitu cha kuisha na kubadilishwa.

Jiko la gesi halina tabia hiyo. Mpira wake waweza kuzeeka kwa miaka mingi huku moto ukiwaka buluu na maji yakichemka kwa dakika zile zile za siku zote. Siku unapojulikana kuwa umechakaa, huwa umekwisha kuanza kuvuja. Na kwa kuwa kitu kikubwa kinachoonekana jikoni ni mtungi, lawama zote huuangukia mtungi.

Ndivyo ilivyotokea katika nyumba moja ya Kihonda, mjini Morogoro. Mama mwenye nyumba hiyo alikuwa akisikia harufu ya gesi kila jioni alipomaliza kupika. Akaurudisha mtungi dukani akapewa mwingine. Harufu ikaendelea. Akabadilisha muuzaji. Harufu ikaendelea. Mwishowe akafunga kila kitu, akalitoa jiko la mkaa stoo, akaagiza gunia. Hofu yake haikuwa ya kitoto. Mkazi yeyote wa Morogoro anaikumbuka Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka pale Msamvu na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Ile ilikuwa petroli, lakini mtu aliyeishi karibu na moto ule hachezi na harufu jikoni.

Alipoitwa fundi, hakuja na chombo chochote cha ajabu. Aliomba kikombe cha maji, sabuni ya unga na kipande cha sifongo. Akakoroga mpaka povu likawa zito, akafungua gesi bila kuwasha moto, akaanza kupaka taratibu kuanzia kichwa cha mtungi. Pale regulata inapokaa juu ya valvu, viputo vidogo vikajitokeza. Akaendelea na mpira mpaka nyuma ya jiko, upande wa ukutani usioonekana na mtu. Huko povu likavimba kama maziwa yanayochemka.

"Mama, mtungi wako hauna kosa," fundi akasema. "Mpira huu una umri gani?"

Mama akafikiri. "Tulinunua pamoja na jiko, fundi. Mwanangu wa kwanza alikuwa hajazaliwa." Mtoto huyo sasa yuko darasa la tano.

Tabia ya gesi yenyewe

Kabla ya kuzungumzia vipuri, yafaa tuelewane kuhusu kilichomo ndani ya mtungi. Gesi hii si ile inayochimbwa Songo Songo na Mnazi Bay, ingawa wengi huzichanganya. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, nayo huletwa nchini kwa meli. Imeshindiliwa mpaka ikawa majimaji. Lita moja ya majimaji hayo ikitoka nje hugeuka kuwa hewa ya lita 250 hivi, na ndiyo maana mtungi mdogo wa kilo 6 hupika kwa siku nyingi. Ni hiyo hiyo sababu inayofanya mvujo mdogo usiwe mdogo.

Jambo la pili ndilo linalosahauliwa zaidi. Gesi ya Songo Songo ni nyepesi kuliko hewa, hivyo ikivuja hupanda juu. Hii ya mitungi ni nzito kuliko hewa; hushuka chini, ikatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye kona, chini ya kabati, hata chini ya kitanda kama jiko limo chumbani. Dirisha la juu peke yake halisaidii sana. Jikoni kunatakiwa tundu la hewa karibu na sakafu, au mlango unaofunguka moja kwa moja nje. Nyumba zetu nyingi za kupanga hazikujengwa kwa kufikiria jambo hilo, na mpangaji hana la kufanya ila kuhakikisha kwamba vipuri vyake havivuji.

Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu kali unayoisikia imetiwa kwa makusudi, kwa kemikali iitwayo merkaptani, ili pua itambue mapema kabla gesi haijafikia kiasi cha kuweza kushika moto. Harufu hiyo, basi, ni rafiki. Anayeizoea, akasema "jiko letu ndivyo lilivyo", amejinyima mlinzi wake.

Mpira, oringi na regulata

Mpira wa gesi si mpira wa maji. Hili lisemwe wazi, kwa maana wapo wanaokata kipande cha mpira wa bustani na kukiunganisha. Gesi hii huishambulia mipira ya kawaida. Huilainisha au huikausha mpaka ikapasuka. Mpira ulio sahihi umeandikwa ubavuni kwamba ni wa gesi ya kupikia, na mara nyingi una mwaka uliotengenezwa au mwaka wa kubadilishwa. Usome mwaka huo dukani kabla ya kulipa, si nyumbani. Ukikosa maandishi kabisa, uache hapo hapo dukani. Ukiwa umekwisha kufungwa nyumbani, ukunje kwa vidole kila baada ya miezi michache: ukiona nyufa ndogo kama za matope yaliyokauka, au ukihisi umekuwa mgumu kama kijiti, muda wake umekwisha hata kama mwaka ulioandikwa haujafika. Usizidi mita moja na nusu, usipite nyuma ya jiko lenye joto, wala usikunjwe kwa nguvu kati ya jiko na ukuta, kama ilivyokuwa Kihonda. Ncha zake mbili zikazwe kwa vibano vya chuma. Waya wa kufungia uzio si kibano.

Oringi ni kile kipete cha mpira kinachoziba nafasi kati ya valvu ya mtungi na kile kinachounganishwa juu yake. Bei yake ni ndogo kuliko ya kipuri kingine chochote jikoni, na ndiyo sababu hakuna anayeikumbuka. Kila unapobadilisha mtungi, itazame kwa mwanga wa mchana. Ikiwa imechanika, imebonyea upande mmoja au haipo kabisa, usifunge. Wenye mtungi wa kilo 6 wanaopikia juu yake bila mpira wasidhani kwamba hayawahusu: bana yao inajikaza juu ya kipete kama hicho hicho, na kukaza kwa nguvu za koleo hakuzibi kipete kilichokufa.

Regulata kazi yake ni kuipunguza nguvu gesi inayotoka mtungini ili ifike jikoni kwa upole. Ndani mna kiwambo cha mpira kinachopanda na kushuka. Kikichoka, dalili zake ni moto unaoruka juu ghafla, moto usiotii kitasa, au mlio mwembamba kama wa nyoka. Kifaa hiki hakifunguliwi wala hakitengenezwi. Hununuliwa kingine, kinacholingana na valvu ya mtungi wako, kwa kuwa vichwa vya mitungi ya kampuni mbalimbali havifanani vyote. Anayekuambia kwamba atakutengenezea regulata kwa bei nafuu, mshukuru na umwonyeshe mlango.

Kubadilisha si kazi ya ajabu. Zima kila kitu chenye moto, pamoja na jiko la mkaa la jirani kama mnatumia ua mmoja. Funga mtungi. Toa cha zamani, weka kipya, kaza, kisha rudia povu la sabuni. Asitumie mtu njiti ya kiberiti kutafuta mvujo, hata kama babu yake alifanya hivyo akapona.

Moto wa njano

Bana nayo ina maradhi yake. Moto ukiwa wa njano na kuacha masizi kwenye sufuria, maana yake ni kwamba hewa haitoshi: uji umemwagika ukaziba matundu, au buibui amejenga ndani ya bomba la bana. Toa kichwa cha bana kikiwa kimepoa, kioshe kwa maji ya sabuni na brashi ya meno iliyozeeka, kikauke vizuri ndipo ukirudishe. Nozeli, yaani kile kitundu chembamba cha shaba kinachopitisha gesi, isichokonolewe kwa sindano. Kitundu kikipanuka hata kidogo hupitisha gesi zaidi ya ile inayoweza kuungua vyema. Kwa sababu hiyo hiyo, anayehamia hapa kutoka Dar es Salaam na jiko lililokuwa limeunganishwa na gesi ya bomba abadilishiwe nozeli kwanza. Zile za gesi ya bomba zina matundu makubwa zaidi.

Katika nchi za baridi, gesi huwasha pia tanuru la kupasha joto nyumba nzima, na fundi hushauriwa kulikagua kila mwaka kabla ya majira ya baridi. Sisi, hata upepo wa Julai unaposhuka kutoka Bondwa, blanketi hututosha. Lakini desturi ya ukaguzi wa kila mwaka ingetufaa hata kwa jiko la bana mbili.

Na harufu ikikushtua usiku? Usiwashe taa, na iliyowaka usiizime. Cheche ndogo ya swichi yatosha. Funga mtungi, fungua milango, watoe watoto nje, kisha ukiwa mbali na nyumba piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mtungi usilazwe ubavu, kwa maana majimaji yakiingia katika mpira mambo huwa mengine kabisa.

Kwa nini mambo haya madogo yapewe ukurasa mzima? Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mitungi mingi imekwisha kugawiwa. Lakini mtungi uliogawiwa hauhesabiki kitu ukikaa stoo kwa sababu ya kipete kilichochanika. Gunia la mkaa lililorudi katika nyumba ile ya Kihonda lilitoka katika miti ya miombo ya mkoa huu huu, na Uluguru, ambako wengine hukata kuni, ndiko yatokako maji ya mto Ruvu yanywewayo Dar es Salaam na yale yanayojaza bwawa la Mindu tunaloteka sisi.

Fundi alifunga mpira mpya, oringi mpya na vibano viwili. Akapaka povu mara ya pili, halikutikisika. Ule mpira wa zamani mtoto alikuwa amekwisha kuuokota ili autengenezee upinde. Fundi akampokonya kwa upole, akaukata vipande vitatu kwa kisu, asije mtu akauokota jalalani na kuuuza tena. Jiko la mkaa mama hakulitupa. Maharage, anasema, bado atayapika huko mpaka gunia liishe.