Kamera ya mandhari inayolipiwa na wapima ardhi

Ukiitoa lenzi mbele na kihisi nyuma, kamera ya kiufundi hubaki fremu ya alumini tu, yenye reli, skrubu za kusogezea na pimamaji ndogo ya kuonyesha kama imekaa sawa juu ya miguu yake mitatu. Haina kioo cha ndani wala mota, na ikitunzwa itamzika aliyeinunua. Fremu hizi hutoka katika viwanda vichache vya Ulaya: Linhof ya Munich, iliyoanza mwaka 1887, Arca-Swiss, iliyozaliwa Zürich mwaka 1926 na leo ipo Besançon, Ufaransa, Cambo ya Uholanzi, ya tangu 1946, na ALPA ya Uswisi, iliyofilisika mwaka 1990, jina lake likanunuliwa na kufufuliwa mwaka 1996. Picha za kuzitangaza karibu zote ni za milima, maporomoko ya maji na fukwe, mtu akadhani wapiga picha wa mandhari ndio wanaoibeba biashara hii. Sioni hivyo. Mteja wa mandhari akishanunua fremu harudi kwa miaka mingi, na kiwanda hakiwezi kuishi kwa mteja asiyerudi. Wanaorudi na fedha ni watu wengine kabisa.

Thamani kubwa imo kwenye kihisi, na kihisi huchakaa kibiashara upesi. Mwaka 2008 kampuni ya Phase One ya Copenhagen ilitoa P65+, kihisi cha megapikseli 60, kwa karibu dola 40,000 za Marekani. Mwaka 2019 Sony ikauza A7R IV, kamera ya mkononi yenye megapikseli 61, kwa dola 3,500. Vihisi hivyo havilingani kwa ukubwa, na tofauti hiyo huonekana kwenye picha, lakini hesabu ya mnunuzi ilikuwa imekwisha kuvurugika. Phase One ilijibu kwa kupanda juu zaidi: IQ4 ya mwaka 2018 ina megapikseli 151, na bei yake ilikuwa takriban dola 50,000. Bei hiyo ni nadra kulipwa na mtu anayeuza picha za kutundika ukutani. Hulipwa na ndege za upimaji ardhi, na kampuni zinazokagua nyaya za umeme na madaraja, na makumbusho yanayohifadhi hati za kale kidijitali. Huko mashine hufanya kazi kila siku, gharama ikagawanywa kwa maelfu ya picha. Itazame XT, kamera ya mandhari iliyotolewa mwaka 2019 na Phase One kwa kushirikiana na Cambo. Lenzi zake ni za Rodenstock ya Ujerumani, kihisi ni cha Sony, na shata, yaani kilango kinachofunguka kupitisha mwanga, ina asili yake katika kamera za Phase One za viwandani. Shata mpya ilihitajika, kwa sababu Copal ya Japani, iliyozihudumia lenzi hizi kwa shata za mitambo kwa miongo, ilikuwa imeacha kuzitengeneza. Bila soko la viwanda, ni nani angegharamia uvumbuzi huo kwa ajili ya watu wachache wanaosubiri jua lichomoze?

Watu hao wachache, hata hivyo, hawanunui fahari. Fremu huwaruhusu kutelezesha kihisi kushoto na kulia huku lenzi ikibaki palepale. Kihisi cha IQ4 kina upana wa milimita 53.4; ukikisogeza milimita 12 kila upande na kuunganisha picha mbili, unapata karibu megapikseli 220, na mishono haipishani kwa kuwa lenzi haikusogea. Kazi yenyewe ni ya subira. Mpiga picha hupima umbali wa jabali kwa kifaa cha leza, huzungusha pete ya lenzi hadi tarakimu ileile, hupiga, kisha hufunika lenzi kwa kibamba cheupe cha plastiki na kupiga tena, ili programu ijue rangi imepotoka wapi pembezoni na kuirekebisha. Usahihi unaotakiwa ni mkubwa kiasi kwamba ALPA hurekebisha umbali kati ya fremu na kihisi kwa vipande vyembamba ambavyo unene wake hupimwa kwa sehemu za mia za milimita.

Wapo wanaosema kompyuta imeyafuta yote haya: mti unaoegemea nyuma hunyooshwa kwa programu, na ukali wa picha kutoka majani ya mbele hadi kilele cha nyuma hupatikana kwa kupiga picha kadhaa na kuzichanganya. Kwa mwamba usiotikisika, wanasema kweli. Lakini kunyoosha ni kuvuta pikseli zilizopo, wala hakuongezi hata moja, na nyasi zenye upepo hazikai mahali pamoja kati ya picha ya kwanza na ya tano. Kubana tundu la lenzi sana ili kila kitu kionekane kwa ukali nako kuna adhabu yake: kwa pikseli za mikroni 3.76, mwanga huanza kutawanyika na picha yote hulegea. Kuinamisha lenzi, kwa kanuni ambayo Theodor Scheimpflug wa Austria aliieleza mwanzoni mwa karne ya 20, hulimaliza jambo kwa pigo moja.

Pingamizi zito zaidi ni la Fujifilm. Mwaka 2021 ilitoa GFX100S, megapikseli 102, kwa dola 6,000, na mwaka 2023 ikaongeza lenzi mbili zinazoinama na kuteleza. Hapa sina la kubishana: kwa wapiga picha wengi wa mandhari zinatosha, na kihisi cha GFX100S, ingawa ni kidogo kuliko cha IQ4, hakiwanyimi chochote watakachokiuza. Cambo iliusoma upepo mapema. Actus yake ya mwaka 2014 ni fremu inayopokea kamera za kampuni nyingine nyuma yake, kwa hiyo kila kamera mpya ya Japani inaweza kuiletea Cambo mteja. Nadhani hiyo ndiyo njia ya kuponea, kuliko kumng'ang'ania mteja wa dola 50,000.

Kinachonitia hofu zaidi ni lenzi. Wapima ardhi wanalipia vihisi na shata, lakini ndege haitelezeshi kihisi. Haina haja ya lenzi inayomwaga duara la picha la milimita 90, kubwa kuliko kihisi chenyewe. Duara hilo linalipiwa na wapiga picha wa mandhari na wa majengo peke yao. Nao ndio hao wanaohamia Fujifilm, mmoja mmoja, wakiwa na sababu nzuri.